Siku Jina Letu Lilipotajwa Fairfield

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi kule Fairfield, hapa ugenini, mwanangu, nilipokuwa kijana mwenye magoti mazima na hasira za karibu. Nakusimulia leo kwa sababu jana ulirudi kutoka chuoni umenuna. Mwenzako alikuambia mbele ya darasa kwamba nchi ya babako haipo, na wewe ukaniambia, kwa Kiingereza chako, kwamba huenda anasema kweli. Basi nisikilize kwa Kiswahili, lugha niliyokua nayo Mombasa baada ya wazazi wangu kukimbia vita Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland yetu.

Wakati ule nilikuwa nikipakia mizigo kwenye ghala moja Villawood. Jamii za wahamiaji zilikuwa na mashindano yao ya kandanda kila mwaka, na kila timu ilicheza kwa jina la nchi yake. Sisi watu wa Somaliland, nchi iliyojitangaza huru kutoka Somalia, tulikuwa wachache mno. Tulipojikusanya tukakuta hatuna golikipa, ikabidi tumwombe Baba Furaha, Mkongo wa Bukavu, jirani yangu pale Rooty Hill. Alikuwa mtu mpana. Akisimama golini, mshambuliaji alijiuliza apitishe wapi mpira. Mkewe, Mama Furaha, alitufulia jezi na kutuletea maandazi, akatufanya sote watoto wake, hata waliomzidi umri.

Asubuhi hiyo mwenyekiti wa mashindano alituita pembeni. Akatueleza kwa upole kwamba Somaliland haitambuliwi na Umoja wa Mataifa, kwa hiyo jina hilo halitatajwa kwenye kipaza sauti. Tungeruhusiwa kucheza, ila tungeitwa Timu ya Wageni. Hakuwa mtu mbaya, mwanangu. Aliogopa ugomvi, maana Somalia nayo ilikuwa na timu, na nahodha wao, Abdi, alikuwa mwenzangu kazini. Mimi na Abdi tulikula pamoja kila mchana. Kwake yeye nchi ilikuwa moja, haigawanyiki. Kwangu mimi, watu waliojijengea serikali yao juu ya vifusi, wakapiga kura zao na kulinda amani yao, walikuwa na nchi. Tulikuwa tumekubaliana mambo hayo tusiyaguse tukiwa mezani.

Niliposikia neno "wageni" damu ilinichemka. Nikakaa kwenye nyasi, nikavua viatu vya mpira, nikawaambia wenzangu turudi nyumbani. Wengine wakaanza kufunga mabegi. Ndipo Mama Furaha akaja akasimama mbele yangu, kanga kiunoni na koti zito juu yake. Akaniita kwa jina langu, bila kupaza sauti.

"Jama, mutoto wangu," akasema, "ule bwana ndiye alikupatia jina? Akikataa kulitaja, mudomo ni yake. Miguu ni yako. Weye ukienda nyumbani sasa, atasema: muliona? Hawako."

Neno hilo la mwisho lilinichoma. Hawako. Nilitazama jezi zetu zenye rangi za bendera yetu, kijani, nyeupe na nyekundu, zikinukia sabuni yake. Nikavaa viatu.

Tulicheza siku hiyo kama watu walioambiwa hawapo. Tuliwatoa Waburundi, tukawatoa Wakenya, na kila tulipofunga kipaza sauti kilitangaza bao la Wageni. Lakini kina mama wa Kikongo, wakiongozwa na Mama Furaha, walikuwa wanaliimba jina letu pembeni ya uwanja. Kufikia alasiri, hata Wakenya tuliowatoa walikuwa wanaimba nao.

Fainali ikatukutanisha na Somalia. Abdi alinipa mkono kabla ya mchezo, wala hakutabasamu. Walikuwa wazuri kutuzidi, nasema kweli. Walitubana golini kwetu kipindi kizima, na Baba Furaha aliokoa mipira kwa tumbo, kwa bega, na mmoja kwa uso. Mchezo ulipokaribia kwisha tukapata kona. Niliupiga mpira nikiwa sina pumzi, mshambuliaji wetu Liban akaruka juu ya mabeki wawili, akaupiga kichwa, ukaingia. Sijawahi kusikia uwanja ukilia vile. Tukashikilia bao letu mpaka filimbi ya mwisho.

Mwenyekiti akachukua kipaza sauti, akaiita Timu ya Wageni ije kupokea kombe. Nikaanza kwenda. Kabla sijafika, Abdi alinipita, jasho likimtiririka, akakiomba kile kipaza sauti. Wengi tulidhani vita vimeanza.

"Mimi na Jama hatuafikiani kuhusu mpaka," Abdi akasema, "na Jumatatu kazini tutaendelea kutoafikiana. Lakini mimi sikufungwa na wageni. Nimefungwa na Somaliland. Waiteni hivyo."

Mwenyekiti alimtazama Abdi, akanitazama mimi, kisha akalitaja jina. Alilitamka vibaya. Mama Furaha akamsahihisha kutoka kule kwenye umati, naye akalirudia sawasawa, kwa sauti, likaenea uwanja mzima. Vigelegele vikapasuka. Liban alilia waziwazi. Mimi nilimkumbatia Abdi kabla ya kugusa kombe, kisha tukaliinua juu, na Baba Furaha akabebwa, kazi iliyohitaji karibu timu yote.

Kombe lile halikufungua ubalozi wowote, mwanangu. Serikali nyingi za dunia bado hazitutambui, na wakubwa wataendelea kubishana hata mimi nikiondoka. Lakini siku ile nilijua kwamba kutambuliwa na kuwepo ni mambo mawili. La kwanza lipo mikononi mwa wengine. La pili ni lako, nawe ukiliachia hakuna atakayekuokotea. Kwa hiyo rudi darasani Jumatatu. Usitukane, usinune, usiondoke. Sema ulikotoka kwa sauti ya kawaida, kisha fanya kazi yako vizuri mpaka wasiweze kuisimulia bila kukutaja. Na ukikutana na anayekupinga kwa moyo safi, kula naye. Huenda siku moja akawa ndiye wa kukusemea.

Mwenyezi Mungu akupe kifua kipana na ulimi mtulivu. Akuzungushie watu wa kukusimamisha unapotaka kuondoka. Na popote utakapoingia, uingie kwa jina lako kamili, ukiwa na amani, na utoke ukiwa umeheshimiwa. Amina.