Nyumba ya Baba Mkwe Imeonekana Baharini

Jamani, leo baba mkwe kaiona nyumba aliyozaliwa, na ilishamezwa na bahari zamani.

Mie kazi yangu ni ramani. Asubuhi nilikuwa nyumbani Goba, kwenye kompyuta, nalaza picha ya zamani ya ufukwe wa Kigamboni, iliyopigwa kutoka kwenye ndege, juu ya picha mpya ya droni. Nilitaka kuona bahari imekula kiasi gani.

Imekula sana. Palipokuwa na njia na nyumba sasa ni maji.

Mara baba mkwe akaingia.

"Shikamoo baba," nikasema, huku nataka kuifunga ile picha, maana kwao ni hukohuko.

"Marahaba. Hebu iache."

Akavaa miwani. Akainama, akaanza kuifuata njia ya zamani kwa kidole.

"Hili paa ni letu," akasema. "Nyumba ile hatukuwahi kuipiga picha."

Nikaikuza. Uani kulionekana vidoti vyeupe vimejipanga kwenye mstari.

"Mama alikuwa amefua," akasema, anacheka huku anafuta machozi.

Sasa hivi yuko kwenye simu na dada zake, wanabishana jiko lilikuwa upande gani.

Kama kwenu ni ufukwe ule, andika hapo chini. Ramani bado nimeifungua.