Masurufu ya Vifaranga

Mwenye nyumba mpya alitupa hadi mwisho wa mwezi tuwe tumeondoa kuku. Hakuwa mkali. Alisimama uani kwetu Bellevue, akalitazama banda ambalo mama alilijenga kwa milango ya makabati iliyotupwa, akasema anataka kuongeza vyumba hapo na kwamba kuku hawamo kwenye mkataba. Nikamuuliza mkataba upi, maana sikuwahi kuuona. Mama akanikanyaga mguu.

Kuku wenyewe walikuwa vishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Kwao mama, Morogoro, hakuna anayewashangaa. Lakini alipoolewa na baba, Mwafrika Kusini aliyeishi Tanzania uhamishoni, akamfuata huku, alikaa miaka mingi bila kumwona hata mmoja. Halafu siku moja, mtaani Alexandra, kwenye vizimba vya wauza kuku barabarani, akaona shingo nyekundu imechomoza katikati ya nyaya. Hukisimulia kisa hicho kama mtu aliyekutana na ndugu yake stesheni. Tangu siku hiyo uani kwetu hapakukosa kishingo. Baba alifariki, dada akaolewa Kimberley, mimi nikaenda chuo nikarudi. Vishingo waliendelea kuzaana tu.

Sasa wengine wote walikuwa wamegawiwa au kuliwa. Alibaki tetea mmoja mzee aliyekuwa ameatamia, na mama alikataa kabisa aguswe.

"Mbegu iko chini yake," alisema. "Hii ikipotea, sianzi tena. Sina umri wa kuanza tena."

Dada alikuwa na uwanja mpana Kimberley na hakuwa na mwenye nyumba wa kumtazama. Kilichobaki ni namna ya kuifikisha mbegu huko. Gari hatuna. Mabasi hayataki abiria mwenye kuku. Nikaenda kuuliza kwenye ofisi ya vifurushi ya kampuni moja ya mabasi, karibu na Joubert Park.

"Wanyama hatupokei, bhuti," akasema karani kwa Kizulu, akiniita kaka bila kuinua macho.

"Na vifaranga?"

"Vifaranga wa siku moja tunapokea. Wafugaji wanawatuma kila wiki. Sanduku lenye matundu, jina la mpokeaji, na yeye awepo basi likifika."

"Kwa hiyo kifaranga wa siku moja si mnyama?"

Hapo akaniangalia. "Akishaanza kula ni mnyama. Kabla hajala ni kifurushi."

Nilicheka, lakini njia nzima kurudi nyumbani maneno yale yalikuwa yananichokonoa. Kwa nini kula? Kwa nini isiwe umri, au uzito, au kelele? Nikasoma mtandaoni kwamba kifaranga, kabla ya kupasua yai, hukivuta kiini chote kikaingia tumboni mwake, na kwamba akiba hiyo humtosha siku mbili tatu bila chakula wala maji. Ndiyo maana anaweza kusafirishwa. Maelezo yalikuwa mazuri mno, na walioyaandika walikuwa wakiuza vifaranga. Sikuwaamini.

Mayai yalipoanguliwa, wengi walitoka vishingo, wachache wakatoka na manyoya shingoni kama kuku wengine; yai moja halikupasuka. Nililichukua hadi nyuma ya banda nikalivunja polepole kwenye kifuniko cha ndoo. Ndani alikuwemo kifaranga kamili, na kucha zake na manyoya yake yaliyolowa, shingo tupu. Kitovuni kilining'inia kiini cha njano, nusu kikiwa ndani ya tumbo na nusu bado nje. Alikufa akiwa anapakia mzigo wake. Nilichuchumaa pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Hakuna kitu nilichosomeshwa chuoni kilichowahi kunijibu waziwazi namna ile.

Nikaenda kumweleza mama. Nilimkuta anasaga chenga za mchele.

"Mama, usiwape. Wakionja tu, hawasafiri. Na chakula wanacho tumboni, nimekiona."

"Umekiona wapi?"

"Kwenye lile yai viza."

"Wewe mtoto, hata ukiambiwa jua limechomoza utatoka nje kwenda kuhakikisha." Akaendelea kusaga. "Sijawahi kumtoa mgeni nyumbani kwangu na njaa. Nitaanza na watoto wa juzi?"

Si maneno tu. Nilipohamia bweni la chuo, mwendo usiofika hata saa moja kutoka nyumbani, nilibebeshwa kuku mzima wa kukaanga. Fundi bomba akimaliza kazi kwetu huondoka na maandazi kwenye mfuko. Kwa mama, kumsindikiza mtu bila kumfungia kitu cha njiani ni sawa na kumwambia asirudi.

Nikapendekeza tufanye jaribio. Sanduku lake na langu, vifaranga nusu kwa nusu, tuwatembeze, tuone. Alikubali upesi, akijua atashinda. Lake likawa boksi kubwa, "wasibanane," lenye wali uliopoa na kifuniko cha chupa ya jemu kilichojaa maji. Langu likawa dogo, na nyasi kavu chini, maana nilikuwa nimesoma kwamba vifaranga hupashana joto kwa kubanana, na ilikuwa Juni, ile baridi ya hapa inayoingia mpaka kwenye mifupa. Matundu ya hewa niliyatoboa kwenye mfuniko.

Jirani yetu, fundi cherehani kutoka Bukavu, alituazima toroli lake la kubebea vitambaa, akaja nalo mwenyewe ili asikose kuona. Alichungulia ndani ya sanduku langu.

"Mama, hawa watoto iko na shingo uchi! Kwa baridi hii? Leta, nitawashonea fulari."

"Washonee na suruali kabisa," akasema mama.

Tukasukuma toroli kwenye kando ya barabara iliyobomoka hadi kwenye robot, yaani taa za barabarani, tukageuka. Fundi alipochoka kubeba furushi lake la vitambaa, alilitua juu ya sanduku langu.

"Wee! Matundu yako juu!" nikamwambia.

"Na kwenye basi, watu wataweka nini juu? Hewa?"

Tulipofika uani nikafungua la mama kwanza. Maji yalikuwa yamemwagika mwendo wa kwanza tu. Vifaranga walikuwa wamelowa, wali umewaganda mgongoni na miguuni, wanatetemeka, kila mmoja kwenye kona yake. Hakuna aliyekula hata punje. Wa kwangu walikuwa wamelala kwa kuegemeana, ingawa wawili walikuwa wakihema midomo wazi. Tukawarudisha wote chini ya mama yao wakauke. Mama alikuwa anabandua wali mmoja mmoja kwenye mgongo wa kifaranga, kwa kucha, kama anayemtoa mtoto chawa.

Nilitoboa matundu mapya ubavuni. Asubuhi tulipokuwa tunawapanga sandukuni, mama akatokea na kisu na tango.

"Maji hayafai, nimeona. Wali haufai, nimeona. Lakini mikono mitupu hawaendi."

"Mama, wakila njiani ni wanyama. Karani kasema."

"Basi waondoke vifurushi, wafike wanyama."

Akakata kipande kinene, akakichoma kwa kijiti na kukibana ukutani mwa sanduku, juu kidogo, kisije kikawalowesha. Nilikikagua kutafuta kosa. Sikuliona. Tukafunga. Uani, yule tetea alikuwa anazunguka na kuita, na mama akaingia ndani akafungulia redio kwa sauti.

Karani aliliinua sanduku, akaliweka sikioni, akaridhika. Nikamuuliza litakaa wapi kwenye basi, kama ni karibu na injini, kama kuna upepo, kama dereva anajua.

"Bhuti," akasema, "hata abiria hawaulizi hivyo."

Kesho yake asubuhi mama alikaa na simu mapajani kama yai. Dada alipopiga, ilikuwa kwa video. Dada anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na mama humjibu kwa Kiswahili, na hawajawahi kupotezana.

"Shikamoo yako baadaye," mama akasema. "Fungua kwanza."

Kisu kikapita kwenye karatasi ya gundi. Kelele ikatoka kabla ya picha kutulia. Walikuwa wanasogea, shingo nyekundu huku na huku. Kwenye kona mmoja hakusogea. Dada akamgusa kwa kidole, akamgusa tena.

"Huyu amekufa, mama."

"Ana shingo tupu au ana manyoya?"

"Ana manyoya."

Mama alishusha pumzi, halafu nadhani akajisikia vibaya kwa kuishusha. "Maskini. Mzike vizuri, usimtupe kwenye takataka."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kupoteza wenye shingo tupu, kwa sababu ya baridi. Akafa aliyefunikwa vizuri. Mpaka leo sijui kwa nini, na kila nikipata maelezo hujikuta nimepata pia sababu ya kuyakataa.

"Na tango?" mama akauliza.

Dada akasogeza simu. Tango lilikuwa palepale kwenye kijiti chake, limekauka ukingoni, halina hata alama ya mdomo. Nilisubiri. Nilikuwa na la kusema, na mama alijua ninalo.

"Hawakugusa," akasema mwenyewe. "Wana adabu. Ugenini huanzi kula kabla hujakaribishwa. Wakaribishe."

Dada akawatoa mmoja mmoja, akawachovya midomo kwenye maji, akamwaga chenga kwenye gazeti. Walisimama juu ya chenga bila kuelewa. Mama aliishika simu kwa mikono miwili, karibu kabisa na uso. Kisha mmoja, kishingo, akainama akadonoa. Akadonoa tena. Wengine wakamtazama, wakaanza.

"Haya," mama akasema. "Sasa ni wanyama."

Akakata simu bila kuaga, akaenda jikoni, akarudi na nusu ya tango iliyobaki. Akaikata vipande viwili, akanipa kimoja.