Shamba Nililoliandika Pori

Nakumbuka bado asubuhi ile ya Handeni, mwanangu, na nikiikumbuka uso unanipata joto mpaka leo. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Nimetoka kusomea upimaji juzi tu, suruali imenyooshwa pasi, kichwa kimejaa majivuno. Serikali ilitaka kufungua tawi la chuo kikuu huku kwetu, tawi la kilimo, nami nikatumwa kutoka Korogwe kutafuta eneo. Nilipewa msaidizi mmoja, Mzee Mhina, Mzigua wa huko huko, wa kunishikia mnyororo wa kupimia. Kwa cheo mimi mkubwa. Kwa umri angeweza kunizaa.

Sasa ujue nilikokulia. Mazinde, katikati ya mkonge, baba yangu mkata mkonge. Kwangu mimi shamba lilikuwa mistari, na ardhi isiyo na mistari niliiita pori. Basi nilipoona vichaka kwenye tambarare karibu na barabara, nikaandika kwenye ramani: pori tupu. Mzee Mhina akanieleza taratibu kwamba pale ni mashamba ya watu; Wazigua hulima mahali miaka kadhaa, kisha hupapumzisha pajirudishie nguvu. Nikamjibu kwamba kazi yake ni kushika mnyororo. Eee, nilimjibu hivyo, mtu mzima yule! Akaushika mnyororo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilikuwa njiani.

Tulipigilia vigingi siku tatu. Siku ya nne akatokea bibi mmoja na jembe begani, Bi Mwanaidi. Alikitazama kigingi, akanitazama mimi, akaliteremsha jembe na kuinama.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

Mwanangu, nilishikwa na bumbuwazi. Bibi wa kumzaa mama yangu ananiamkia mimi shikamoo! Kuitikia marahaba siwezi, kunyamaza siwezi. Kalamu ilinidondoka. Sijawahi kuogopwa vile, na sikujua kama kuogopwa kunauma.

Akaniomba ruhusa ya kulima shamba lake mwenyewe. Alikuwa amelipumzisha miaka sita akiisubiri masika ile, na hakuwa na lingine, maana mengine yalibaki mbali walipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Nikamwambia asubiri nikaulize ofisini. Ningeweza kuving'oa vigingi pale pale. Sikuving'oa, kwa sababu niliona haya ramani yangu ionekane na makosa, haya ya kijinga kabisa.

Jibu lilichelewa, nami sikulifuatilia kama ilivyonipasa. Niliporudi, mvua zilikuwa zimekatika. Magugu yamefika kiunoni, vigingi vimesimama, na hakuna aliyethubutu kupitisha jembe. Bi Mwanaidi na wajukuu zake walikuwa wanakula unga wa msaada. Na tawi lenyewe? Mpango ulikwisha kuhamishiwa mkoa mwingine siku nyingi, barua imelala ofisini, hata sina habari. Nikakaa chini kwenye udongo.

Mzee Mhina akasema taratibu, "Kijana, serikali haikumnyima shamba yule mama. Umemnyima wewe."

Niliving'oa vyote kwa mikono yangu siku ile. Haikusaidia kitu, msimu ukishapita hauombwi radhi ukarudi.

Sasa nasikia umeteuliwa kwenye kamati ya kutafuta eneo la tawi jipya la chuo kikuu. Nimefurahi, tena sana, watoto wetu wasome karibu. Lakini usiandike neno tupu juu ya ardhi yoyote kabla hujauliza inamsubiri nani. Muulize anayekubebea vifaa, waulize akina mama unaopishana nao na majembe, na wakikujibu kwa woga, jua bado hujajibiwa. Ukigundua umekosea, ng'oa kigingi siku hiyo hiyo, wacha wakucheke. Kuchekwa hakumlazi mtoto wa mtu na njaa.

Nenda, mwanangu, Mungu akutangulie. Akujalie ujenge chuo ambacho mwenye ardhi yake atakipita mlangoni bila kuinamisha kichwa. Amina.