Kona ya Mashine na Nikahi ya Mdogo Wangu

Mwaka ule wa sabini na kitu, mdogo wangu wa kike alikuwa aolewe Bagamoyo siku ya Ijumaa, baada ya sala. Baba alikwisha kufariki, kwa hiyo walii, yaani wa kumwozesha, nilikuwa mimi, na bila walii hakuna nikahi.

Mimi nilikuwa Dar, nikihangaika na kompyuta ya ofisi. Ilikuwa imeletewa prosesa mpya, ule ubongo wa mashine, nami nilitakiwa kurekebisha kiini, yaani ile programu inayoamka kwanza na kuzigawia nyingine nafasi katika kumbukumbu. Prosesa hii ilijiwekea kona yake katika kumbukumbu hiyo. Humo, kabla kiini hakijaamka, iliandika pa kwenda kila inapoitwa na taipureta ya kuingizia herufi. Kona hiyo haikupaswa kuguswa. Niliiingiza katika jedwali la sehemu zilizotengwa, nikajiona fundi.

Wiki nzima mashine iliwaka vizuri, ikatulia kama mkwe mpya, na ukibonyeza herufi moja tu ilikufa. Nililibadilisha jedwali. Nikalipanua. Nikalitukana. Ijumaa asubuhi basi la Bagamoyo liliondoka bila mimi. Nikajiambia nitapanda la saa tano.

Saa nne na nusu mwenzangu aliyekuwa akitoboa tepu, ile karatasi ya matundu ya kuingizia programu, mama mmoja wa Kiwangwa asiyetishwa na shahada ya mtu, alisimamisha kidole juu ya karatasi yangu ya amri.

"Bwana mkubwa, hapa mwanzo unafuta kumbukumbu yote?"

Nikamwambia ndiyo, tunaanza na usafi.

"Halafu ndipo unasoma jedwali la visivyoguswa?"

Nikaisoma upya karatasi. Kwetu hakuna mgeni anayeonyeshwa pa kukaa kabla nyumba haijafagiliwa, nami nilikuwa nimeandika kiini kama nilivyolelewa. Prosesa ya zamani haikuweka kitu katika kona ile, ndiyo maana haikulalamika. Hii mpya nilikuwa naifutia maandishi yake, kisha naulinda utupu.

Nilihamisha amri moja, kusoma jedwali kukatangulia kufuta. Ningeweza kuondoka hapo hapo, tepu akaijaribu mwingine. Nikabaki ili nijionee mwenyewe herufi ya kwanza. Ilitokea saa saba na nusu.

Basi nililolipata baadaye lilikwama mchangani Mapinga. Nilipofika, alasiri ilikwisha pita, sheikh kaenda mazikoni, na watu wa bwana harusi, waliotoka Pangani, walikuwa wakitafutiwa pa kulala. Nilimwamkia ami yangu. Akaitikia marahaba kwa kuwa ni wajibu.

Nikaenda mlangoni kwa bibi harusi kuomba radhi. Hakufungua.

"Kaka, hiyo mashine umeshaiozesha?"

Nikasema imekubali.

"Basi mimi kesho aniozeshe ami. Mpe uwakala wako."

Sheria inamruhusu walii kumwachia mwingine aozeshe, na nilikuwa nalijua hilo tangu Jumatatu, mashine ilipoanza kunishinda. Kiburi tu kilinizuia kumpelekea ami neno mapema. Nikampa ami mbele ya mashahidi wawili, na asubuhi yake nikakaa nyuma, miongoni mwa wageni.