Shibiri Moja ya Ukuta

Bolawan alikuwa na sauti ambayo, akiita wateja sokoni Marawi, mji wetu wa kusini mwa Ufilipino, mabata wa ng'ambo ya ziwa waligeuka kuuliza bei. Mimi ni wifi yake, nilikuwapo, na bata mmoja alinunua. Aliuza malong, zile nguo pana za kujizungushia mwilini, miaka arobaini. Akasomesha watoto watano, akajenga nyumba ya mawe.

Ubavuni mwake aliishi Samporna. Hawa wawili hawakusemezana miaka ishirini na sita. Bolawan alijenga ukuta, Samporna akasema ukuta umemla shibiri moja ya uwanja wake. Bolawan akajibu kwamba uwanja ni ule ule, ila mwenyewe kanenepa. Kwetu watu wamepigana risasi vizazi viwili kwa maneno madogo kuliko hayo. Basi wazee walipowaapisha wanyamaziane tu, tulimshukuru Mungu.

Kisha vita vikaingia mjini, miezi mitano. Tulitoka kwa miguu, sufuria ya wali ingali ya moto kichwani kwa Bolawan. Tulitembea hadi vivuli vyetu vikachoka, vikaketi njiani, vikatufikia siku ya tatu. Mumewe, kaka yangu, alifia kambi ya wakimbizi, chini ya bati. Hapo sina chumvi ya kutia.

Baadaye tukapiga kura, Waislamu wa Mindanao tujitawale wenyewe. Bolawan alichovya kidole kwenye wino, akalia, na wiki nzima alitawadha kwa uangalifu kama kidole kimeungua. Haya, tukapata. Katika ofisi ya serikali hiyo yetu sasa anakaa binti wa kwetu, Norhanie, kajitanda vizuri, anakubusu mkono kabla hujaketi.

"Ruhusa ya kujenga, mwanangu?" Bolawan alimuuliza.

"Bado, bibi. Huna hati. Jirani wa ubavuni lazima asaini kwamba mpaka ni huo."

"Hati! Nani kwetu ana hati? Babu yangu kazikwa pale."

"Najua, bibi. Na sisi nyumbani hatuna. Lakini mwisho wa kuleta saini ni Ijumaa."

Nje Bolawan akaniambia, "Zamani walitunyima kwa lugha ya Manila. Sasa tunanyimwa kwa lugha yetu. Angalau naelewa kila neno."

Samporna alikaa safu yetu ile ile kambini, mlango wa tatu, naye alihitaji saini ya Bolawan vile vile. Kila mmoja akamngoja mwenzake aje kupiga magoti. Jumatano Bolawan akajilaza mkekani. "Basi," akasema. "Nikifa nizikeni hapa hapa kambini."

Hapo nikaogopa. Mwanamke huyu siku zote alikuwa haombi kitu ila kufia nyumbani kwake, na sasa hata hilo kaliacha. Nikaenda mlango wa tatu.

"Samporna, umesikia? Usiposaini wanaandika, 'jirani hajulikani'."

Neno hilo nilikuwa nimelitunga mwenyewe njiani, kati ya bomba la maji na mlango wake.

"Nani hajulikani?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi wa masultani kwa baba na kwa mama?"

"Kwa wino mweusi, mwenzangu."

Akavaa kiatu kimoja, akatoka. Kingine kilimfuata chenyewe.

Bolawan nilimwambia hayo hayo. Hakupandisha hata sauti. "Waandike watakavyo," akasema. Nilimvuta kwa mkono.

Alhamisi Norhanie alitupeleka uwanjani pamoja na mpimaji. Majani yalikuwa marefu kuliko sisi. Kifusi. Ukuta haukuwapo.

"Mpaka uko wapi, mabibi?" mpimaji aliuliza, kigingi mkononi.

"Weka popote," Bolawan akasema. "Akitaka shibiri, mpe. Mpe hata tatu. Nimechoka."

Nilidhani Samporna atapiga vigelegele. Badala yake akamgeukia Bolawan.

"Popote? Wewe mwanamke, usinifanyie hivyo. Vita vimenichukulia nyumba, vimenichukulia wanangu wawili. Nani mwingine amebaki anayejua ukuta ulipokuwa? Gombana!"

Bolawan akayapenya majani. Akaenda polepole, akakwaruza ardhi kwa kisigino. "Hapa."

"Mwongo! Hapo sebuleni kwangu!"

"Sebule yako ilikuwa kule, chooni."

"Choo kilikuwa chako, na harufu yake naijua!"

Mpimaji aliketi juu ya tofali, akafungua chupa yake ya maji. Vikongwe wawili walishikana mikono ya nguo wasianguke kwenye kifusi, wakaburutana hatua huku, hatua kule.

Karibu na alasiri walisaini wote, mpaka ukiwa mahali ambapo kila mmoja aliapa kaibiwa.

"Ruhusa yenyewe itachukua muda," Norhanie akasema.

"Muda gani, mwanangu?"

Binti akambusu mkono, akazitia karatasi mkobani. Tukaketi kwenye mawe kungoja gari la kurudi kambini.