Trela la hema, bati la cold room na mama mkwe wangu Guangzhou

Wakuu, kwema huko?

Nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu, leo naweka la kwangu. Ni la kweli lote. Mke wangu ni member humu kwa ID ambayo siitaji, kwa hiyo nikiongeza chumvi atanikaanga kwenye comments mbele yenu.

Miaka ile ya 2000 na kitu nilikuwa Guangzhou. Nilienda kwa scholarship, nikamaliza, nikabaki. Kazi yangu ilikuwa kuwapokea wafanyabiashara wa nyumbani, kuwazungusha Yide Lu wakinunua midoli na madaftari, kisha kusimamia mizigo yao inapopakiwa kwenye container.

Mji mzima ulikuwa unajengwa. Ukienda likizo wiki mbili, unarudi unapotea mtaani kwako.

Mimi na Rhobi, mke wangu, tulipanga chumba kimoja juu ya godown, nje kidogo ya mji. Chini kuna uwanja wa simenti wa kupakilia mizigo. Mwenye godown tulimwita laoban, yaani bosi, maana kule kila mwenye funguo ni laoban.

Rhobi akashika mimba. Ya kwanza.

Mwanzoni alikuwa jasiri. Ilipofika mwezi wa saba akaanza kulia kila tukitoka kliniki. Daktari anaongea Kichina, mimi natafsiri, yeye ananikodolea macho kuona kama namficha kitu. Siku moja akaniambia, "Mimi sizai bila mama yangu. Sikutanii."

Kumrudisha nyumbani Tarime haikuwezekana tena, watu wa ndege hawambebi mama mwenye tumbo la vile. Ilibaki kumleta mama.

Wakurya wenzangu mmeshaanza kucheka. Wengine ngoja niwaeleze.

Kwetu, mkwe na mama mkwe hawalali paa moja. Hamshikani mikono. Hamtazamani usoni. Hawezi kukaa kitandani kwako, wala kuusogelea mlango wa unapolala. Akitaka chumvi na chumvi iko mbele yako, anamwambia mtu wa tatu akuambie. Siyo chuki, ni heshima. Kuna familia siku hizi zimelegeza. Mama mkwe wangu alikuwa hajalegeza hata uzi. Jina lake sitaliandika, hata hapa.

Hotelini je? Rhobi akasema mama yake hajawahi kupanda lifti, hajui neno la Kichina, na hakuvuka bahari ili alale mbali na mtoto wake.

Sasa pale uwanjani, kwenye kona, kulikuwa na trela.

Si trela la mizigo. Lilikuwa lile la hema la kukunja. Likifungwa linakaa chini kama sanduku lenye magurudumu. Ukizungusha mkono wa chuma, paa linapanda, kuta za turubai zinafunguka, na vitanda viwili vinavutwa nje kama droo, kimoja kila upande. Mteja wangu mmoja wa Arusha, mtu wa utalii, alilinunua chakavu ili alipeleke porini. Alipopigiwa hesabu ya kulisafirisha akaniambia nilifanyie nitakalo, akapanda ndege.

Nikasema, hapa ndipo atalala mama.

Turubai lilikuwa limeoza kwa ukungu, lakini nilidhani nikilishona litafaa. Jioni nikawasha taa ndani, Rhobi akaingia kujaribu. Mimi nikiwa nje nikaona kivuli chake chote ukutani, tumbo, mkono, mpaka anavyojikuna mgongo.

Nikamwita atoke aangalie, nikaingia mimi. Akasema, "Mama yangu akivua kitenge humu, utamwona. Halafu mama yangu alale kwenye hema, amekuwa mkimbizi?"

Basi, ikabidi hema liote kuta ngumu.

Nikamfuata Didier. Huyu ni rafiki yangu Mkongo, wa Lubumbashi, alikuwa anauza nguo mtaa wa Dengfeng pale Xiaobei. Hakuna kazi duniani ambayo Didier hakuwahi kuifanya, kwa maelezo yake. Akalizunguka trela, akasema, "Mon frère, hii kazi ni kidogo. Nilifanyaka hii kazi sana kwetu."

Hakuwahi. Nilijua tulipofika kwenye ribiti, zile pini za kubania bati.

Material tulipata kwa jamaa aliyekuwa anajenga cold room jirani. Alikuwa na vipande vimebaki, yale mabati mawili yenye foam nyeupe katikati. Mazuri sana kwa kazi hii kwa sababu ni mepesi, na ekseli ya trela la hema ni nyembamba, ukiweka mbao nzito springi zinalala. Alianza na bei ya kuua mtu. Didier akashika kiuno, akasema "tai gui le", ghali mno, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, mpaka jamaa akacheka na kutupunguzia.

Tukapandisha paa mpaka mwisho. Kebo moja ikakatika, kwa hiyo tukachomelea square pipe, vyuma vya mraba, kwenye kona nne ili paa lisishuke tena.

Halafu nikapata akili ambayo niliiona ya kiprofesa. Tukafumua turubai, tukalitandaza juu ya bati, tukachora kwa chaki na kukata, kama fundi cherehani na kitambaa. Tulichosahau ni kwamba turubai lililonyeshewa miaka yote linalegea. Ukuta wa kwanza ukatoka mpana kuliko trela. Didier akasema turefushe trela.

Tukakata upya. Ribiti, silikoni, ribiti, silikoni. Mlango tukautengeneza wa kipande kimoja, na dirisha dogo la kioo tukalizibia kwa silikoni.

Vitanda vilitusumbua. Kuta ngumu hazifuati kitanda kikivutwa nje. Kimoja tukakiondoa, kingine tukakifupisha kikae ndani kabisa. Nikamuuliza Rhobi urefu wa mama, akasema mama anamfika begani. Tukakata kwa kipimo hicho. Mimi nina futi sita na kitu, lakini hilo sikuliwaza, kitanda si changu.

Siku ya kumaliza nikamfungia Didier ndani na redio, nikamwambia aongeze mpaka mwisho. Nje sikusikia kitu. Nikampigia kelele nimtukane kidogo, naye akatoka akasema hakusikia kitu. Wakuu, nilijisikia mhandisi. Nikamwambia laoban aje aone, akaja, akagonga ukuta, akaniinulia dole gumba.

Mama akafika uwanja wa ndege wa Baiyun na begi moja la nguo na mawili ya unga wa ulezi wa uji wa mzazi.

Mimi nilisimama nyuma ya nguzo, Rhobi akamkumbatia. Mama akamtazama Didier, niliyemweka katikati yetu, akasema, "Muulize mkwe wangu kama hajambo." Didier akageuka, mita mbili, "Anauliza kama hujambo." Nikasema, "Mwambie sijambo, na shikamoo." Didier, "Anasema shikamoo." Mama akamjibu Didier marahaba. Didier alifurahia hiyo kazi kupita kiasi. Kwenye gari akawa anatafsiri Kiswahili kwenda Kiswahili mpaka tunafika.

Uwanjani mama akaliona trela. Akalizunguka lote. Akachungulia dirishani, akabonyeza godoro kwa fimbo ya mwavuli, akagonga kuta kwa vifundo vya vidole.

"Nani kajenga?"

"Mume wangu," Rhobi akasema kwa maringo.

"Kajenga vizuri. Imara." Nikavimba. "Haya, mwambie ahamishie nguo zake humo. Mimi nimekuja kwa mwanangu."

Akapanda ngazi. Begi lake likamfuata mkononi mwa Didier, ambaye alikuwa anacheka mpaka anashindwa kupumua.

Nani alinidanganya kwamba mama ndiye atalala nje? Hakuna. Nililiwaza peke yangu, nikalijenga kwa mikono yangu. Mama mwenye mwana anakuja kulea mzazi, anakaa na mzazi. Anayepisha ni mwanamume. Hata mtoto wa darasa la pili kwetu analijua hilo.

Nikahamia. Mama kule juu akatandika mkeka sakafuni, kitandani kwangu hakukaa hata mara moja. Nililala nimekunja magoti mpaka kidevuni. Ila nikiri, foam ilikuwa kazi safi. Joto la nje halikuingia, malori yalipita sikuyasikia, nikawa nalala usingizi mzito ambao sijaupata tena maishani.

Usingizi huo ndio uliotaka kuniponza.

Kulipopambazuka siku moja, mvua kubwa inanyesha, chupa ya Rhobi ikapasuka. Mapema kuliko daktari alivyosema. Simu yangu ilikuwa juu inachaji, maana kwenye trela hatukuweka soketi. Rhobi akafungua dirisha akaniita. Akaita tena, uchungu ukamkata, akaita tena.

Mimi nakoroma kwenye cold room.

Mama akashuka. Hapa nasimulia kwa kinywa cha Rhobi, yeye ndiye alikuwa dirishani akiona yote.

Mama akasimama mbali na mlango wangu, kwa heshima. Akaokota kokoto, akarusha ukutani. Mvua ikameza. Akapanda juu, akarudi na viazi. Akarusha viazi vyote. Akarusha ndala. Akarusha sufuria, na sufuria ya mama mkwe wangu siyo ndogo.

Laoban akatoka na mwavuli wake. Akamkuta mama wa Kiafrika amelowa, analipiga trela kwa vyombo vya jikoni. Mama akamwonyesha mlango kwa vidole, agonge yeye. Laoban akaelewa ni ugomvi wa familia. Akainama kwa adabu akarudi ndani.

Rhobi akawa sasa anapiga ukelele wa kweli. Alinisimulia baadaye kwamba hapo ndipo alipoogopa, akawaza atazaa kwenye korido ya jiko, mume yuko hatua chache chini na hajui.

Mama akautazama mlango. Kuugusa hawezi. Akatazama chini, akaona mawe niliyoweka kuzuia magurudumu.

Hakuna mila inayokataza mawe.

Akayatoa, akashika mkono wa kuvutia ule wa mbele, akausukuma mara moja. Uwanja ule umeinama kuelekea geti ili maji yatoke. Trela likaondoka na mimi.

Niliamka kichwa kikigonga bati. Nikaona kupitia dirisha godown linapita. Nikadhani naibiwa, na Mkurya akidhani anaibiwa mnajua. Nikashika nyundo. Trela likafika kwenye marobota ya nguo pale getini likasimama. Nikafungua mlango kwa teke, nikaruka nje kwenye mvua, boksa na nyundo, nimeandaa matusi ya lugha tatu.

Mbele yangu amesimama mama mkwe.

Akanipa mgongo pale pale, akajifunika khanga kichwani. Kisha akanyoosha kidole juu dirishani, akaniambia mimi mwenyewe neno moja, bila mtu wa tatu, kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

"Mkeo."

Taksi ilipatikana barabarani. Shati nililovaa lilikuwa la Rhobi, nililigundua hospitali. Mlangoni nesi akasema anaingia mtu mmoja tu. Mtu wa kutafsiri ni mimi, lakini Rhobi alikuwa ameshika khanga ya mama yake na haachii. Nikamwambia Rhobi, mama akisikia, "Nesi akisema yongli, maana yake sukuma." Wakaingia, mlango ukafungwa.

Niliogopa wakuu. Nilikaa kwenye benchi nikajisemea kwamba kama mama angechelewa kuniamsha, ningekuwa nimemuua mke wangu kwa silikoni.

Baadaye nikaanza kusikia sauti kutoka ndani, "Yongli! Yongli!", kwa lafudhi ya Tarime, juu ya sauti za manesi wote.

Mtoto wa kiume. Mzima. Rhobi mzima.

Tuliporudi nyumbani, mama alimwambia Rhobi kwa sauti ambayo na mimi niliyekuwa ngazini niisikie, "Mwambie yule wa kwenye sanduku atoboe ukuta."

Nilitoboa siku hiyo hiyo. Upande unaotazama dirisha letu, nikakata tundu la ukubwa wa sahani, nikaweka wavu wa mbu. Didier alikuja akaona, akaniuliza kwa nini naharibu kazi ya siku zote zile. Nikamwambia anishikie drili.

Usiku wa kwanza wa lile tundu nikamsikia mwanangu analia juu. Halafu nikamsikia bibi yake anambembeleza kwa jina. Jina tulikuwa hatujakubaliana bado, na mimi sikuulizwa kitu. Anamwita Wambura. Wambura nyamaza, Wambura lala.

Asubuhi Rhobi akaniambia mama kachagua hilo kwa sababu mtoto kaja na mvua, na Wambura kwa Kikurya ni wa mvua. Inawezekana. Ila Wambura ni jina la marehemu baba yangu, na mama mkwe alikuwepo kwenye mazishi yake.

Sikumwuliza. Ningemwuliza vipi, kupitia nani? Nilienda nyuma ya marobota nikalia kidogo, nikarudi kupakia container.

Funzo nililopata: mnaogeuza trela za hema ziwe za kuta ngumu, foam ni nzuri, square pipe kwenye kona ni lazima, turubai msilifanye kipimo. Na kabla ya kuziba silikoni ya mwisho, jiulizeni nani atawaita na mtamsikiaje.

Mafundi karibuni mnicheke. Na wenye mama wakwe, hebu semeni na nyie, mlihamishiwa wapi?