Siku ya Mtihani, Mwalimu Hakukaa

Siku ya mtihani wangu wa mwisho, mwalimu wangu alikimbia chooni mara nne ndani ya saa moja.

Mara ya nne hata swali hakumaliza. Alisema, "Ña Deolinda, nieleze kwa nini..." akaniachia faili mkononi, akapotea.

Sikucheka. Maisha yangu yote yalikuwa kwenye lile swali.

Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, ndiyo maana mwalimu aliniita Ña, yaani Bi. Miaka ishirini nimeuza chipa, vile vimkate vyetu vya jibini, stendi ya mabasi. Mchana kapu kichwani, jioni darasani nasomea ufamasia, katikati ya vijana walioniita bibi wa darasa.

Mafunzo ya wodini nilikuwa nimeyafeli mara mbili. Hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukianguka, chuo kinakuaga.

Na mwalimu ndiye Daktari Zunilda. Miaka thelathini mfamasia wa wodini, ishirini kati ya hiyo anafundisha chuo kikuu. Huyu si wa kukaa dirishani kugawa vidonge. Anapita kitanda kwa kitanda na madaktari, anauliza kila dawa inafanya kazi au inatania tu.

Mkali, acha kabisa.

Alinipa Don Liborio. Mzee wa miaka themanini, moyo umechoka, miguu imevimba kama mihogo. Alikuwa anapewa vidonge vya kukojoza, ili maji yatoke mwilini. Wiki ya tatu sasa, na dozi imeongezwa mara mbili. Miguu haina habari.

"Jumamosi saa tisa mchana," Daktari akaniambia, "unieleze kwa nini dawa haifanyi kazi. Ukishindwa, rudi kwenye chipa zako."

Nikapekua faili mpaka macho yakauma. Figo nzuri. Chumvi hagusi. Muuguzi ametia saini kila siku: amepewa, amepewa, amepewa.

Nikaona hapa kimenuka. Nikapiga magoti.

Siku tisa za sala kwa Bikira Maria wa Caacupé, na juu yake nikafunga kunywa tereré, kile kinywaji chetu cha maji ya barafu na mitishamba. Kwetu Paraguay, kuacha tereré kwenye joto la Januari ni kama kuacha kupumua. Watu walinitazama kama mgonjwa.

Jumamosi ikafika. Tukakaa kukizunguka kitanda: Daktari, mimi, na wanafunzi wenzangu wawili, Osmar na Fátima. Don Liborio akamimina tereré ya maji ya barafu kutoka kwenye jagi lake, maji yaliyotiwa mitishamba anayoitwanga mwenyewe kwenye kinu kidogo. Kikombe kimoja cha pembe, mrija mmoja, kinazunguka. Daktari kwanza, kama kila siku.

"Ña Deolinda, leo tena hunywi?"

"Nimefunga, Don Liborio. Nina mtihani."

"Mtihani wa huyu mama?" Akamwangalia Daktari. "Basi funga, binti. Funga na kesho."

Dakika ishirini, Osmar akainuka. Fátima akamfuata. Daktari akawapita wote wawili kwenye korido.

Nikawasikia mlangoni.

"Daktari, samahani, nilitangulia mimi."

"Osmar, mtihani wako anasahihisha nani?"

"Pita, Daktari."

Wakarudi. Wakanywa tena. Wakatoka tena. Ikawa hivyo mpaka ile mara ya nne, nikabaki peke yangu na mzee na faili.

Hapo ndipo likanijia. Hata mimi nilikuwa nakimbia hivyohivyo, nikasema ni uzee. Na nimeacha lini? Siku niliyoanza kufunga.

"Don Liborio, kidonge cha mchana umekunywa?"

"Bado, ninacho hapa."

"Hebu kinywe nione."

Akakitoa kwenye mfuko wa pajama. Akakitia kinuni, akaongeza mnanaa, akatwanga taratibu, akamimina vyote kwenye jagi.

"Don Liborio, unafanya nini?"

"Nakunywa dawa, kama nilivyofanya na cha asubuhi. Muuguzi alisema ninywe na maji. Haya si maji?"

"Na wewe unakunywa vikombe vingapi?"

"Kimoja. Daktari wa moyo amenikataza maji mengi. Vingine nawapa wageni. Mimi si mchoyo, binti."

Nikachungulia kinu.

Daktari Zunilda akarudi, amechoka, nywele zimelegea. "Haya. Kwa nini dawa ya Don Liborio haifanyi kazi?"

"Inafanya kazi, Daktari."

"Wapi?"

"Kwako."

Nikamwonyesha kinu, unga mweupe bado umeshika pembeni. Nikasubiri kufukuzwa.

Daktari akakaa kitandani, kwenye miguu ya mgonjwa kabisa. Akaongea kwa sauti ya chini.

"Wiki mbili hizi nimepima sukari mara tano, kila mara safi. Nikadhani mashine mbovu. Nimeshamwambia dada yangu nyumba amwachie nani." Akalitazama faili. "Na anayesema dozi iongezwe ni mimi."

Osmar akaguna kwa kuzuia kicheko.

"Osmar, wewe umekunywa vikombe vingapi?"

"Saba, Daktari."

"Basi usicheke. Utalowa."

Nilifaulu. Alama za juu kuliko wote, na Daktari hakuongeza neno.

Kuanzia siku ile muuguzi alisimama pale mpaka kidonge kipite kooni. Baada ya siku sita Don Liborio alivaa viatu vyake. Ila alilalamika: "Zamani wageni walikuwa wanajua muda wa kuondoka."

Mwaka wa kumi na moja huu, wodi ile nafundisha mimi. Wanafunzi wangu hawaruhusiwi kumuuliza mgonjwa kama amekunywa dawa. Wanamwambia, "Hebu nionyeshe unavyokunywa," halafu wanafunga mdomo na kutazama.

Na wewe unayesoma hapa ukisubiri jibu la maombi yako, usikate tamaa. Mungu hujibu. Ila hasemi jibu litapitia wapi.